Vipimo vya Mashua Vikizimika: Shika Waya Kabla ya Kushika Mkoba

Barua tunayoijibu juma hili imetoka hapa hapa Ntinda, kwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini akiwa sajini. Tangu mwaka uliopita mzee huyu ameajiriwa kutunza mashua ya tanga iliyowekwa Kaazi, kando ya ziwa, kusini mwa Kampala, penye chama cha wapenda tanga cha Victoria Nyanza. Anaeleza kwamba mashua hiyo ina vipimo vinne vya umeme: cha kina cha maji, cha mwendo, cha upepo kileleni mwa mlingoti, na kile cha setilaiti kinachoonyesha mahali chombo kilipo. Vyote vimeunganishwa kwa waya mmoja, na habari zake husomwa katika vioo viwili vilivyo karibu na usukani.

Tangu mvua za mwezi wa Aprili vioo hivyo vimekuwa na vitimbi. Huzimika mara injini inapowashwa, kisha hurudi. Siku nyingine mahali pa kina cha maji huonekana vistari vitupu. Na mara kadhaa upepo na kina vimepotea kwa pamoja, vikarejea jua lilipopanda. Tajiri wake amekwisha kukata shauri kwamba kipimo cha kina kimeharibiwa na mtunzaji wakati wa kuosha chombo, na kwamba bei ya kipimo kipya itakatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Mzee anauliza mambo mawili. Je, yawezekana kipimo kiwe kizima ilhali kioo chasema hakipo? Na je, mtu asiye fundi aweza kulithibitisha jambo hilo mbele ya tajiri wake?

Wako watakaouliza, ukurasa wa nyumbani na mashua ya tanga wapi na wapi? Nami nawajibu kwamba mshahara wa mzee ni jambo la nyumbani kabisa. Katika nyumba hiyo, asema, wako wajukuu watatu wanaosoma. Tena wasomaji wetu walio katika polisi wa majini na wanamaji wa jeshi wanashughulika na nyaya za aina ile ile kila siku, na wengi wetu tunazo ndani ya magari bila kujua.

BARAZA LA VIPIMO

Zamani nahodha alijua kina kwa kutia bildi, yaani risasi nzito iliyofungwa mwisho wa kamba yenye alama, na upepo aliutambua kwa shavu lake. Vipimo vya umeme vilipokuja, kila kimoja kilikuwa na waya wake na kioo chake, hata kibanda cha usukani kikajaa nyaya kama kiota cha mnana. Huko Marekani kiko chama cha watu wa biashara ya vifaa vya umeme vya majini, kilichoanzishwa mwaka 1957 na kujulikana kwa herufi NMEA. Mwaka 1983 chama hicho kilitoa utaratibu wa kuviwezesha vipimo vya viwanda mbalimbali kusemezana. Kwa utaratibu ule kipimo kimoja husema na vingine husikiliza tu, mfano wa mwalimu na darasa lake.

Mwanzoni mwa karne hii ukaja utaratibu mpya, uitwao NMEA 2000, nao ndio uliomo katika mashua ya mzee wetu kwa jinsi alivyoueleza waya wake. Huu ulijengwa juu ya ufundi uliotangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986 kwa ajili ya magari. Hapa vipimo vyote huketi katika baraza moja. Waya mkuu hupita katikati ya chombo kama uti wa mgongo; juu yake mna viungio vyenye umbo la herufi T, na kila kipimo huchomekwa katika kiungio chake kwa waya wa tawi usiozidi mita 6. Kila mmoja aweza kusema na wote humsikia. Wawili wakianza kusema kwa wakati mmoja, mwenye habari nzito zaidi huendelea na mwingine hunyamaza akangoja zamu yake, kama vile koplo anavyomwachia sajini. Mzee wetu hatakosa kuufahamu utaratibu huo!

Ndani ya waya mkuu mna nyaya tano. Mwekundu na mweusi huchukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri. Mweupe na wa buluu huchukua maneno. Wa tano hauna nguo; ni wa kukinga kelele za umeme, nao hufungwa ardhini mahali pamoja tu, pale umeme unapoingilia. Mwisho wa waya mkuu, huku na huku, hufungwa kizibo kidogo chenye rezista ya omu 120. Kizibo hiki watu wengi hukidharau kwa kuwa hakina taa wala kioo, walakini pasipo hicho maneno hufika mwisho wa waya yakarudi nyuma, mfano wa sauti katika chumba kitupu, na baraza lote likashindwa kusikilizana.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Kioo hakikioni kipimo. Kioo husikia tu maneno yaletwayo na waya. Kikisema hakipata habari, maana yake ni hiyo tu, wala si hukumu ya kifo kwa kipimo.

HESABU WALIONYAMAZA

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, chukua daftari uandike nani amenyamaza na nani anasema. Kipimo kimoja kikinyamaza peke yake siku zote, shaka iko katika kipimo hicho au tawi lake. Viwili au zaidi vikipotea pamoja na kurudi pamoja, usivishuku kabisa. Tafuta kitu wanachoshirikiana, yaani waya mkuu, vizibo au umeme. Vyote vikizimika pamoja, anzia kwenye betri.

Sasa turudi kwenye barua. Upepo na kina vimepotea kwa pamoja. Kimoja kimo kileleni mwa mlingoti na kingine chini ya maji. Hapana ajali ya kuosha chombo iwezayo kuvipata vyote viwili kwa mkupuo mmoja, kisha ikavirudisha jua likipanda. Hapo peke yake, mzee wangu, una hoja ya kumpa tajiri.

Iko alama nyingine yenye faida. Vioo vingi vya siku hizi vina ukurasa wa orodha ya vifaa vilivyomo katika mtandao. Vistari vikitokea, fungua orodha hiyo. Ikiwa jina la kipimo cha kina limo lakini tarakimu hazimo, basi waya ni mzima na umeme unafika. Tatizo liko kati ya kipimo na maji. Ikiwa jina lenyewe limetoweka, basi kipimo hakisikiki, nawe utafute katika waya. Jambo hili huchukua nusu dakika, lakini nimewaona watu wazima wakifungua mbao za sakafu kabla ya kulifanya.

UMEME KWANZA

Utahitaji mita ya umeme, ile ndogo ya mkono inayopima volti na omu. Hapa Ntinda mafundi wa redio na wa magari wanazo, na mita ya bei nafuu yatosha kwa kazi hii.

Betri nzima ya volti 12, iliyojaa na kupumzika, huonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Mtandao huu umepangwa kufanya kazi kati ya volti 9 na 16. Stata ya injini hunywa umeme mwingi mno kwa dakika ile inapozunguka. Ikiwa betri imechoka, au vichwa vyake vimeota unga mweupe, volti zitaanguka chini ya 9, vipimo vitazimika, kisha vitaamka injini inapokwisha kushika. Hiyo ndiyo habari ya vioo kuzimika na kurudi. Mweke mwenzio awashe injini, wewe ukiwa umeshika mita, uandike tarakimu ya chini kabisa uliyoiona.

Usipime kwenye betri tu. Pima pia mwisho wa waya mkuu, mbali na betri, vipimo vyote vikiwa vimewashwa. Betri ikionyesha 12.5 na mwisho wa waya ukionyesha 10, njiani kuna mwizi: fyuzi iliyoshika kutu, swichi iliyolegea, au kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe. Kiungo cha namna hiyo kingekataliwa hata katika taa ya jikoni. Angalia pia kwamba umeme unaingia mahali pamoja tu. Fundi mwenye haraka, akiona volti hazitoshi, huongeza waya wa pili kutoka betri nyingine, na hapo hufanya kosa jipya juu ya lile la zamani.

Dawa ya kudumu ni kuwa na betri mbili, moja ya stata na moja ya vipimo na taa. Ikiwa tajiri hayuko tayari, asafishe vichwa vya betri, avikaze barabara, na vipimo viwashwe baada ya injini kushika, si kabla.

OMU SITINI

Hii ndiyo tarakimu ninayotaka kila msomaji wa barua hii aiandike ukutani. Zima umeme wa mtandao kabisa. Chomoa kipimo kimoja katika kiungio chake cha T. Utaona matundu matano: manne yamezunguka na moja liko katikati. La katikati ni la waya wa buluu. Lenye namba 4 ni la mweupe. Geuza mita upande wa omu, upime kati ya hayo mawili.

Mtandao mzima utakupa karibu omu 60. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu tulifundishwa kueleza jambo hili kwa milango: ukumbi wenye mlango mmoja watu hutoka kwa shida, ongeza mlango wa pili wa upana ule ule, shida itapungua nusu. Vizibo viwili vya omu 120, kimoja huku na kimoja huku, hufanya 60.

Ukipata 120, mlango mmoja umefungwa: kizibo kimoja hakipo, kimekufa, au waya mkuu umekatika mahali fulani kati yako na kizibo hicho. Ukipata 40, mtu ameongeza kizibo cha tatu, na hili hutokea sana baada ya kununua kifaa kipya kilicholetwa na kizibo chake ndani ya sanduku. Ukipata sifuri au karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana. Mita isiposema chochote, angalia kwanza kama ncha zako zimegusa kweli, maana matundu ni membamba.

Mtandao mdogo wenye kizibo kimoja hauzimiki wote kwa mara moja. Huenda ukafanya kazi asubuhi na kukataa jioni, au ukapoteza kipimo hiki leo na kile kesho. Ndiyo sababu watu hununua kipimo, kikafanya kazi siku mbili, wakashangilia, kisha matatizo yakarudi. Jirani yetu mmoja amenunua vipimo viwili vya kina kwa njia hiyo, na bei ya vyote viwili ingetosha karo ya mtoto kwa muhula.

Anayetaka kujizoeza kabla ya kwenda ziwani na atazame chini ya usukani wa gari. Katika magari mengi ya miaka hii iko soketi ya uchunguzi yenye matundu 16. Fungua kichwa cha betri, ngoja kidogo, kisha pima kati ya tundu la 6 na la 14. Aghalabu utakutana na zile zile omu 60, maana ni ufundi ule ule wa mwaka 1986.

CHINI YA MLINGOTI

Katika mashua nyingi za tanga waya mkuu hupandishwa ndani ya mlingoti, na kizibo cha upande mmoja huwekwa huko juu karibu na kipimo cha upepo. Chini ya mlingoti huachwa kiungio, ili mlingoti uweze kulazwa siku ya matengenezo. Kiungio hicho hukaa mahali ambapo maji yote ya mvua yanayoteremka na mlingoti hupumzika, jirani kabisa na ngama. Maji yakiingia, shaba hushika kutu ya kijani, nyaya huachana, na kwa mara moja mashua hupoteza kipimo cha upepo pamoja na kizibo. Vilivyobaki huanza kugugumia. Jua likipanda na unyevu ukikauka, mambo hurejea.

Mzee wangu, hapo ndipo ningeweka shilingi yangu. Pima omu kabla ya kugusa chochote. Kisha fungua kiungio hicho ukitazame kwa tochi. Ukiona kijani, piga picha kwa simu ukiwa hujakisafisha, kwa kuwa hiyo ni shahada yako. Kisafishe kwa spiriti maalumu ya viungio vya umeme na brashi laini. Usitumie msasa, maana ncha zake zimepakwa dhahabu nyembamba na msasa huiondoa. Kiache kikauke, kipake grisi ya silikoni kidogo kandokando, ukikaze kwa mkono. Kisha uufunge waya kwa namna ambayo unashuka chini kidogo kabla ya kupanda kwenye kiungio, ili tone la maji lidondoke kwenye pindo na si ndani. Usikizungushie utepe wa plastiki. Utepe huzuia maji yasitoke.

Kama omu ni 60 na umeme ni mzuri, na bado baraza limevurugika, huenda yuko mmoja anayepayuka. Chomoa vipimo vyote ukiacha kioo kimoja, kisha rudisha kimoja baada ya kingine, ukingoja dakika kadhaa kila mara. Yule ambaye kuingia kwake kunaleta fujo amejulikana.

Vyombo vya zamani vyenye utaratibu wa mwaka 1983 vina maradhi yake, nayo ni machache. Nyaya mbili za maneno zimebadilishana, au msemaji na msikilizaji hawaendi kwa kasi moja: vipimo vya kawaida husema kwa kasi ya 4,800, na kile cha kutambulisha vyombo husema kwa 38,400. Hurekebishwa katika ukurasa wa mipangilio wa kioo.

KATI YA KIPIMO NA MAJI

Tuseme jina la kipimo cha kina limo katika orodha na bado ni vistari. Kipimo hiki hutuma sauti chini na kungoja mwangwi. Uso wake ukifunikwa na ute wa kijani, au ukipita juu ya magugu maji, au mapovu ya rafadha yakipita chini yake, mwangwi haurudi. Uso huo husuguliwa kwa kitambaa na sabuni, si kwa kisu. Kipimo cha mwendo nacho kina gurudumu dogo ambalo jani moja tu hulizuia. Wala usikipime kipimo cha kina ndani ya ndoo, halafu ukasema kimekufa. Maji ya ndoo ni haba mno kwake.

Kipimo cha kina kishindanishe na bildi. Kamba ya mita 10 na kipande cha risasi vyatosha. Ujue pia kioo kinahesabu kutoka wapi, kwenye uso wa maji au chini ya chombo, kwa maana tofauti yaweza kuwa mita nzima na zaidi. Hilo si jambo dogo katika ziwa letu. Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakipita kidogo kipeo cha mwaka 1964, na miamba iliyokuwa ikionekana ikafunikwa. Mwamba uliofunikwa kidogo ni mbaya kuliko ule unaoonekana.

Kuhusu dira ya umeme, askari hawahitaji kufundishwa. Kila kuruta ameambiwa aweke bunduki mbali kabla ya kusoma dira. Katika mashua bunduki hiyo ni spika ya redio, sufuria ya chuma, au simu iliyowekwa juu ya kabati ambamo dira imefichwa.

Neno moja juu ya radi, ambayo katika ziwa hili hupiga sana usiku. Radi ikipiga karibu, hata bila kugusa mlingoti, yaweza kuua vipimo kadhaa kwa pamoja. Alama yake ni kwamba vilikufa usiku mmoja na havijarudi tena. Vyako, mzee wangu, huenda na kurudi. Kwa hiyo hii si habari yako.

DAFTARI LA KUMPELEKEA TAJIRI

Andika ukurasa mmoja, kwa mwandiko safi: tarehe, volti za betri injini ikiwa imezimwa, volti za chini kabisa stata ikizunguka, volti mwisho wa waya mkuu, omu kabla ya kusafisha kiungio cha mlingoti na omu baada yake, jina la kipimo cha kina katika orodha, limo au halimo, kina kwa kioo na kina kwa bildi mahali pamoja. Umwombe tajiri awepo unapopima mara ya pili, yeye mwenyewe ashike mita. Kabla ya hapo usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa mshahara. Na mpaka hesabu zitimie, mashua isitoke usiku, na mchana itoke na dira ya kawaida, bildi, na majaketi ya kuokolea kwa kila aliyemo.

Iwapo baada ya yote hayo omu ni 60, volti ni nzuri, tawi la kipimo limebadilishwa na jina bado halimo katika orodha, basi kipimo kimekufa kweli. Kipeleke hicho peke yake kwa fundi, pamoja na daftari.

Bibi aliyetuuliza kutoka kambini kwa nini taa zake za umeme wa jua hufifia saa tatu za usiku atajibiwa juma lijalo. Tafadhali atuandikie betri yake ina umri gani na waya kutoka kwenye paa una urefu gani.